Unaanza kazi ya sekretaria piblike? Soma hii mbele ya kugusa masini

Wiki hii tu batu batatu baliniuliza juu ya kazi moja, ya sekretaria piblike, fasi yenye unachapia batu barua na kufanya fotokopi. Wa kwanza amepata kazi ku sekretaria moja ya Nyawera, hapa Bukavu, anaanza siku ya kwanza, Word anajua kidogo lakini masini ya fotokopi hajaigusa hata siku moja. Wa pili papa yake amemununulia ordinatere na emprimanti, anataka kufungua kibanda Panzi karibu na kwao. Wa tatu balimufukuza kazi nyuma ya mwezi mbili na mpaka leo hajui juu ya nini, mimi nilijua saa ile alianza kuelezea: karatasi ilikuwa inapungua, franga haifikie, na yeye hakuandikaka kitu. Huyu wa tatu njo alifanya nikae chini niandike hii yote mara moja, juu nimechoka kuieleza ku simu.

Hii kazi nimeifanya miaka kenda. Batu banafikiri ni kazi ya vidole, kuchapa mbio mbio. Vidole inasaidia, sikatae. Lakini nikiangalia franga yenye nilipotezaka, na makelele yenye nilipigiwaka mbele ya bakliya bengine, karibu yote ilitoka fasi moja: nilianza kazi mbele ya kuuliza. Donke utaona hapa chini maulizo ni mingi kuliko masini.

Bitu ya kuwa nayo mbele ya kufungua mulango

- Kaye mbili, moja ya kazi yenye inaingia, moja ya franga. Usichanganye.
- Ordinatere. Kama uko na choix, twaa ya portable hata kama ni ya zamani kidogo, juu umeme ikikatika batri inakupa muda ya kumaliza sentensi na kulinda (enregistrer) kazi. Kama ni ya mezani, onduleri (kasha ya batri yenye inashika umeme ikikatika) ni lazima.
- Rame ya karatasi A4 ya gramu 80, mbili kwa uchache. Rame moja ni karatasi 500. Ile ya bei ya chini sana yenye inapitisha mwanga inakwama mu masini, na kliya anaona.
- Flashi yako mwenyewe yenye haitembee. Ya kuazimisha batu ni ingine.
- Karatasi ya bei ku ukuta, maandishi makubwa, na chini yake fasi ya kuandika to (bei ya kugeuza) ya dola ya leo.
- Agrafezi, mukasi, spirali za kurelie (kufunga paje pamoja), kitambaa laini.
- Karto ya karatasi ya kufa. Nitaeleza juu yake ku numero 1, na tafazali usiiruke.

1. Asubuhi, soma konteri

Kila masini ya fotokopi na emprimanti mingi ya lazere iko na konteri ndani, inahesabu kila upande wa karatasi yenye imechapwa tangu ilizaliwa (recto-verso, pande mbili, inahesabu mbili). Unaingia mu meni, unatafuta fasi ya rapor ao ya konfigurasio, inakuonyesha namba ao inakutoshea karatasi yenye iko na hiyo namba. Iandike mu kaye ya franga asubuhi, uiandike tena mangaribi. Tofauti yake njo paje za leo.

Sasa kama konteri inasema 340 na franga iko ya karatasi 322, patro atauliza 18 imeenda wapi. Njo kazi ya ile karto: kila karatasi yenye iliharibika, yenye ilikwama, yenye ulitosha (imprimer) upande mubaya, unaiweka mule. Mangaribi unahesabu: 322 ya kulipwa, 15 ya kufa, 3 ulitoshea patro mwenyewe barua yake. Imekwisha, hakuna mutu wa kukuita mwizi. Yule kijana wa tatu alikuwa anatupa karatasi za kufa mu poubelle kwa aibu, ili patro asione ameharibu. Aibu yake njo ilimufukuzisha.

2. Salimia, kisha uliza maulizo tano

Salimia kwanza, hata kama uko na kliya mwengine mbele yako. "Jambo mama, karibu, nakuona, nimalize na huyu papa." Mutu mwenye amesalimiwa anangoya dakika kumi bila neno, mwenye hajasalimiwa anaondoka nyuma ya mbili.

Akifika zamu yake, mbele ya kugusa kitu:

- Ni kazi ya nini, na inaenda wapi? (barua ya kwenda ku komine na barua ya kuomba kazi haiandikwe namna moja)
- Nakala ngapi?
- Nyeusi ao rangi? Upande moja ao recto-verso?
- Unaihitaji saa ngapi? Saa, siyo "leo".
- Nani atasoma mbele nitoshe ya mwisho?

Andika majibu mu kaye mbele yake. Akikuona unaandika, naye anafikiri muzuri zaidi, mara mingi anabadilisha hapo hapo: "A, yaya, ngoja, siyo tano, ni saba." Hiyo saba ingekuya nyuma ya kukata umeme.

3. Majina: usiamini sikio yako

Hapa Bukavu hii ni kitu ya peke yake. Mashi, luga ya Bashi ba hapa, inaandika bitu yenye sikio haiwezi kukuambia. Mutu anasema jina yake, wewe unasikia "Murula", unaandika Murula, kumbe ni Murhula. Unasikia "Chiruza", ni Cirhuza. Na ile H yenye umekula inaweza kumukatalisha mutu dosie yake yote, juu jina ku barua haifanane na jina ku karte.

Donke usiulize "jina ni nani?" Omba karte ya electeur ao karatasi ingine yenye iko na jina, na ukopie herufi kwa herufi. Kama hana, mupe bik aandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Na uweke muzuri mpangilio: nom, postnom, prénom, hiyo tatu, usigeuze. (Postnom tuliachiwa na Mobutu, mu 1972, saa alikataza majina ya kizungu, prénom ilirudi nyuma, postnom ikabaki, na leo formulaire yote inaiomba.)

Kisha soma jina kwa sauti, na tarehe ya kuzaliwa pia. Papa moja nilimuandikia 1968 pa fasi ya 1986. Alicheka, lakini alikuwa amefika na moto (pikipiki) kutoka komine ya Bagira.

4. Bei na avansi, mbele

Sema bei mbele ya kuanza. Yote. "Sezi (kuchapa) ni bei hii kwa paje moja, kutosha ni bei hii, kurelie ni bei hii, jumla ni hii." Kama kazi inapita paje tano, omba nusu. Haya ya kuomba avansi inaisha siku utachapa paje 30 za mutu mwenye hatarudi.

Namna ya kusema bila kukwaruza: "Mama, hapa tunaanzaka na nusu, nusu ingine ukikuja kuchukua." *Tunaanzaka*, siyo *nataka*. Ukisema "nataka", amebaki na wewe. Ukisema "tunaanzaka", ni desturi ya nyumba.

Kama unajifungulia mwenyewe na hujui uweke bei gani, usikopie tu ya jirani. Gabula bei ya rame kwa 500, hiyo ni karatasi. Gabula bei ya tonere (wino ya unga) kwa hesabu ya paje yenye iko ku karto yake, lakini ujue ile hesabu wanaipimaka ku paje yenye imefunikwa kama 5 kwa mia tu, ni barua fupi. Afishi yenye iko na picha nyeusi kubwa inakula mara kumi ya ile. Njo maana afishi na barua hazina bei moja, na kliya akiuliza juu ya nini, muonyeshe ile weusi kwa kidole, anaelewa.

5. Pokea fishie bila kupokea viruse

Flashi za banafunzi zinapita mu masini ngapi kwa siku, wewe fikiria. Ukiingiza flashi na ukaona dosie zote zimekuwa raccourcis, na kamushale kadogo ku kona ya picha yake, usibonyeze mara mbili. Ile ni viruse, imeficha dosie za kweli na imeweka mitego. Bitu yake haijapotea, na hapa njo utakuwa malaika wa mutu bila kutoka jasho:

Fungua ile dirisha nyeusi (andika cmd mu fasi ya kutafuta ya Windows), angalia flashi iko na herufi gani, tuseme E, kisha andika hivi, na nafasi zake zote:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Entrée, ngojea. Dosie zinarudi. Kopia fishie zenye mutu anahitaji, za Word na PDF tu, kisha pitisha antiviruse. Kosa ya bapya: wanaona mishale, banamuambia mutu "flashi imekufa, tuiformate", na memware (kazi ya mwisho ya univasite) ya mutu imeenda.

Kama anatuma kwa WhatsApp, mwambie atume *sawa dokima*, siyo sawa picha. Picha WhatsApp inaikamua, inafika hapa karte ya mutu haisomeke.

6. Sezi

Mbele ya herufi ya kwanza, linda fishie. F12, mupe jina: jina ya kliya, kazi, tarehe. Siyo "Document1", siyo "memware mwisho", siyo "memware mwisho mwisho kabisa". Kisha Ctrl+S kila nyuma ya paragrafe, mpaka mukono ifanye yenyewe.

Nieleze juu ya nini naikazania. Mwaka wangu wa kwanza, mwanafunzi moja aliniletea memware, paje 64, na makosa yenye directeur wake aliandika ku bik nyekundu. Nilikaa mpaka saa nne ya usiku nakosoa. Asubuhi anafika na flashi yake, anasema "yaya, nimeongeza kitu kidogo ku conclusion", mimi nafungua flashi, nakopia fishie ku biro, Windows inaniuliza kama nibadilishe ile yenye iko, jina ni moja, nabonyeza ndiyo bila kusoma. Kazi yote ya usiku ule ikaenda kwa kidole moja. Hakunipigia makelele, na ile njo iliniumiza zaidi, alikaa tu ku kiti akaangalia chini, alikuwa wa kudefande memware nyuma ya siku tatu. Nilirudilia yote bure. Tangu siku ile, hakuna fishie inaingia ku masini yangu bila tarehe ku jina yake.

Bitu ingine za haraka haraka. Word ya kifaransa, kukoza maandishi ni Ctrl+G, siyo Ctrl+B yenye unaona mu video. Usisogeze maandishi kwa kupiga espace mara ishirini, tumia kati, kushoto, kulia. Usiende paje ingine kwa kupiga Entrée mpaka ifike, piga Ctrl+Entrée. Hii mbili ukizishika, nusu ya makelele ya "yaya, imeharibika ku masini ingine" inaisha.

7. Memware: namba za paje

Hii njo inaletaka batu bengi, juu wanataka paje za mbele (epigrafe, dédicace, remerciements) ziwe na i, ii, iii na introduction ianze na 1. Fanya hivi:

a) Weka kursore mbele kabisa ya neno INTRODUCTION.
b) Enda ku "Mise en page", "Sauts de pages", na mu fasi ya sections chagua "Page suivante". Siyo ile ya juu ya "Page", angalia muzuri, majina inafanana.
c) Bonyeza mara mbili chini ya paje ya introduction, fasi ya namba. Utaona "Lier au précédent" imewaka. Izime. Kama haujaizima, kila kitu utafanya huku inaenda na kule, na utafikiri masini ina pepo.
d) Weka namba, kisha "Format des numéros de page", anza na 1.
e) Rudi ku paje za mbele, fanya ile ile lakini chagua i, ii, iii.

Table des matières usiichape na mukono. Kila titre mupe "Titre 1" ao "Titre 2" mu styles, kisha "Références", "Table des matières". Directeur akibadilisha kitu, unabonyeza mule ndani, F9, imejipanga yenyewe. Nimeona batu banakesha banahesabu madoadoa.

8. Kliya asome, na aweke sinyatire

Tosha nakala moja, nyeusi, ya kusoma. Mupe bik. Akimaliza aandike "vu" na sinyatire ku paje ya kwanza, na uilinde mpaka amelipa. Anasema "hapana yaya, nakuamini, tosha tu"? Mwambie "mimi sijiamini". Wanacheka na wanasoma.

9. Kutosha

Geuza kwanza kuwa PDF, kisha toshea mu PDF. Word inapima paje na herufi zenye iko nazo ku ordinatere yako, ukipeleka ku ingine mistari inaruka. PDF inabaki vile ulivyoiona.

Tosha paje moja, angalia, kisha zingine. Kama ni recto-verso na masini haiwezi kugeuza yenyewe, pima na paje nne tu mpaka ujue karatasi inarudi namna gani, na uchore mushale ku masini na bik. Kila masini iko na tabia yake.

Fotokopi ya karte: banaitaka mbele na nyuma ku upande moja wa karatasi. Masini mingi iko na kabutoni yenye picha ya karte kwa hiyo. Kama haina, kopia mbele na karte ku upande wa juu wa kioo, rudisha ile karatasi ile ile mu masini, hamisha karte ku upande wa chini wa kioo, kopia nyuma. Na urudishe karte mu mukono ya mutu mbele ya kuhesabu franga. Mu tiroir yangu nimeshalinda karte tatu zenye zilisahauliwa ku kioo, za batu tofauti, mu mwezi moja.

10. Franga

Hesabu mbele yake, kwa sauti, na usiiingize mu kasha mpaka mumekubaliana na ya kurudisha. Noti yake iache juu ya meza. Bila hivyo atasema alikupa elfu makumi mbili na wewe unasema elfu kumi, na hakuna wa kuwaamua. Dola iangalie pande zote mbili palepale, kapasuko kadogo kama ncha ya kucha na kesho hakuna mutu ataipokea, itabaki yako.

11. Futa

Kliya akiondoka: toka mu WhatsApp yake, toka mu email yake, futa skani za karte yake. Unaona mishahara ya batu, barua za talaka, rapor za hospitali. Yenye umesoma ku ekra inabaki ku ekra. Huu muji ni mudogo, ukisema Kadutu inafika Nguba mbele ya wewe.

Batu bagumu

*Wa "nitalipa kesho".* Jirani, ndugu, mutu wa kanisa. Nilijaribu kukataa, nikagombana na nusu ya avenue. Sasa nasema: "Yaya, patro anasoma konteri, karatasi yako itaonekana. Nakutoshea moja kutoka mu mufuko yangu, zingine ukikuja na franga." Wengi wanalipa papo hapo.

*Wa makelele.* Usimujibu akiwa amesimama. Mupe kiti. Kisha fungua kaye, usome polepole yenye uliandika. Kama kosa ni yako, sema "nimekosea, natosha tena bure, dakika tano", usieleze mambo ya umeme. Kama ni yake, kaye inasema, wewe nyamaza.

*Wa "nigeuzie hii kidogo".* Atakuya tu, na bulletin, ao attestation, ao diplome ya kaka yake. Poin 48 iwe 58. Atakupa franga mingi kuliko kazi ya wiki. Jibu ni moja na halina hasira: "Papa, hapa tunakopia yenye iko, hatuandike yenye haiko." Rudisha karatasi yake, usiiskani hata kwa kujaribu. Polisi ikikuya, fishie itakuwa ku masini yako, siyo ku yake.

Masini ikikataa

*Inaandika Q ukipiga A.* Klavie imeruka ku qwerty (mpangilio wa kingereza). Alt na Maj (Shift) ya kushoto pamoja, ao kifungo ya Windows na espace.

*Umetuma na haitoke kitu.* Angalia waya na karatasi kwanza, usicheke. Kisha futa foleni ya emprimanti. Ikikataa kufutika: andika services.msc mu fasi ya kutafuta, pata "Spouleur d'impression", bonyeza kulia, "Redémarrer". Kosa kubwa ni kubonyeza kutosha mara kumi, masini ikiamuka inakutoshea nakala kumi.

*Karatasi imekwama.* Zima, fungua, ngojea, ndani mule kuna fasi inachoma. Vuta na mikono mbili, polepole, kufuata njia yenye karatasi ilikuwa inaenda. Ikipasuka tafuta kipande, kile kadogo njo kitakusumbua kesho. Kama inakwama kila saa, mara mingi ni unyevu: mu mwezi ya kumi na moja hapa kwetu mvua haikate, rame yenye imefunguliwa inakunywa maji ya hewa. Funga rame mu sashe, na pepeta karatasi mbele ya kuiingiza.

*Laini nyeusi moja toka juu mpaka chini, ukikopia kwa kupitisha karatasi juu.* Siyo tonere. Kuna kioo chembamba pembeni ya kioo kikubwa, iko na kadoti ya wino ao korekteri. Kitambaa na alkoli kidogo, ku kitambaa, siyo ku kioo.

*Inatoka nyepesi fasi fasi.* Tosha tonere, itikise kushoto na kulia ikiwa imelala, irudishe, itakupeleka paje zingine makumi. Usiiache ku jua. Ikimwagika ku nguo, pangusa kavu kisha maji ya baridi, ya moto inaipika mu kitambaa na shati imekwisha.

*Umeme unaenda na kurudi.* Ukikatika, chomoa masini yote mbele ya kukaa na kupiga stori. Ukirudi, ngojea dakika chache utulie, ile ya kwanza njo inachoma. Na emprimanti ya lazere usiiweke ku onduleri kadogo pamoja na ordinatere: ikianza kupasha moto inavuta nguvu mingi kwa mara moja, onduleri inalia, inazima, na kazi yenye ulikuwa unalinda inaenda nayo. Lazere ku ukuta, ordinatere ku onduleri.

*Konteri na franga hazikutane hata ukihesabu karto.* Angalia kama kuna mutu anatosha saa ya sita ukienda kula. Kwangu ilikuwa mutoto wa patro, na interro (mitihani midogo ya masomo) za marafiki yake.